Sanduku la Wasomaji: Mshambuliaji mwenye klabu kumi na tano

SWALI: Ndugu Mhariri, nafuatilia matokeo ya madaraja ya chini ya soka la Uingereza, na nimegundua kwamba washambuliaji wengi wa huko wana orodha ndefu mno ya klabu walizochezea. Wapo waliofikisha kumi na tano, na katika nyingi kati ya hizo walikaa msimu mmoja au nusu msimu tu. Jirani yangu anadai kuwa hao ni wazururaji ambao kila kocha huwachoka. Je, anasema kweli?

JIBU: Jirani yako ameona dalili, lakini amekosea ugonjwa. Wapo kweli waliofukuzwa kwa utovu wa nidhamu, ila kwa walio wengi kuhamahama kunatokana na namna mikataba ya madaraja hayo inavyoandikwa. Chini ya Ligi Kuu kuna klabu 72 zilizogawanywa katika madaraja matatu yenye timu 24 kila moja, yaani Championship, League One na League Two, na chini yake iko National League. Kadiri unavyoshuka ndivyo mikataba inavyozidi kuwa mifupi, na kwa mshambuliaji wa League Two mkataba wa mwaka mmoja au miwili ni jambo la kawaida. Mikataba hiyo humalizika tarehe 30 Juni. Msimu ukifika ukingoni, kila klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na asiyekuwamo miongoni mwa wanaobaki huanza kutafuta kazi huku kodi ya nyumba ikiendelea kudaiwa.

Umri nao una uzito wake. Mchezaji aliyetimiza miaka 24, mkataba wake ukiisha, anaweza kusajiliwa na klabu nyingine ya Uingereza bila klabu hiyo kulipa ada yoyote. Aliye chini ya umri huo, iwapo klabu yake ilimpa mkataba mpya usiopungua ule wa zamani naye akaukataa, klabu hiyo bado ina haki ya kudai fidia. Ndiyo sababu mshambuliaji wa miaka 28 mwenye mabao kumi kwa msimu ni bidhaa nafuu sokoni, maana anachogharimu ni mshahara wake tu. Mambo hayakuwa hivi siku zote. Hadi mwaka 1961 hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, na hadi hukumu ya kesi ya George Eastham mwaka 1963, klabu iliweza kuendelea kumshikilia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha. Mshambuliaji wa enzi hizo alikaa klabu moja miaka kumi, nasi leo tunamsifu kwa uaminifu, ilhali huenda hakuwa na mlango wa kutokea.

Utauliza kwa nini washambuliaji kuliko mabeki. Beki mzuri hutambulika kwa mazoea anayojenga na wenzake wa safu ya nyuma, na kumtoa ni kuvunja mazoea hayo; mshambuliaji hupimwa kwa hesabu ambayo hata mwenye klabu asiyejua soka anaweza kuisoma gazetini. Timu ikipitisha mechi sita bila bao, jambo la kwanza linalomjia kocha ni kuomba straika kwa mkopo Januari. Kocha akifukuzwa, na makocha wa madaraja hayo hufukuzwa upesi, anayekuja huwa na aina yake ya mshambuliaji. Mmoja anataka mtu mrefu wa kupokea mipira mirefu na kuishikilia hadi wenzake wafike, mwingine anataka mwenye mbio wa kukimbilia nyuma ya mabeki. Mtu yuleyule aliyekuwa tegemeo mwezi Oktoba anajikuta mwezi Januari hana kazi, ingawa mguu wake haujabadilika. Tena hadi mwaka 2016 ligi hizo ziliruhusu mikopo ya dharura hata nje ya dirisha la usajili, na hiyo peke yake ilirefusha orodha za klabu za wachezaji wengi wa kizazi kile.

Mfano ninaoupenda ni wa Steve Claridge. Alianza soka la kulipwa Bournemouth mwaka 1984, akashuka hadi Weymouth, akapanda tena kupitia Aldershot, Cambridge United, Luton na Birmingham City, na mwezi Machi 1996 akanunuliwa na Leicester City kwa zaidi ya pauni milioni moja. Miezi miwili baadaye, katika fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu uwanjani Wembley, alifunga bao la ushindi dhidi ya Crystal Palace katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, kwa mpira uliomgonga ugoko ukaingia. Mwaka uliofuata akafunga bao pekee la mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Middlesbrough. Mtu wa aina hiyo ungedhani amefika, lakini baada ya hapo alipita Portsmouth, Wolves, Millwall, Brighton, Brentford, Wycombe, Gillingham, Bradford na Walsall, na Desemba 2006, akiwa na miaka 40, alirudi Bournemouth kwa mechi moja tu ili atimize mechi elfu moja za ushindani. Mzururaji aliyechokwa na kila kocha hafikishi mechi elfu moja. Mimi ningemwita fundi anayehama na zana zake: anaitwa palipo na kazi, akimaliza anafunga mfuko.

Kwamba kazi yenyewe haina uhakika hata kwa anayeifanya vyema, Adebayo Akinfenwa alilionyesha vizuri. Mwezi Mei 2016 aliifungia AFC Wimbledon penalti katika fainali ya mchujo wa League Two dhidi ya Plymouth Argyle, timu ikapanda daraja, naye akasema mbele ya kamera kwamba hana kazi, hivyo kocha yeyote anayemhitaji amtafute kwa WhatsApp. Alikuwa ametania nusu. Wycombe Wanderers walimchukua, akakaa nao hadi alipostaafu mwaka 2022, baada ya kupanda nao hadi Championship mwaka 2020. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupita Lithuania, Wales na karibu klabu kumi za Uingereza.

SWALI: Je, wamewahi kuwapo washambuliaji wenye asili ya Afrika Mashariki katika maisha hayo ya kuhamahama?

JIBU: Wapo, na wasomaji wengi huwapita bila kuwatambua kwa sababu habari zao haziandikwi mbali na miji walikochezea. Adi Yussuf alizaliwa Zanzibar mwaka 1992, akalelewa katika akademia ya Leicester City bila kupata nafasi katika kikosi cha kwanza, kisha akaanza mzunguko ambao majina yake peke yake ni ramani ya Uingereza: Burton Albion, Lincoln City, Oxford City, Mansfield Town, Grimsby Town, Barrow, Solihull Moors. Mabao yake Solihull, katika daraja la tano, ndiyo yaliyowafanya Blackpool wa League One wamchukue mwaka 2019, na muda mfupi baadaye akatolewa kwa mkopo. Ukisoma orodha hiyo kwa haraka utaona kuyumba. Ukiisoma polepole utaona mtu aliyeshuka daraja ili apate dakika za kucheza, kisha mabao yakampandisha. Mwingine ni Taiwo Atieno, aliyezaliwa London akaichezea Harambee Stars ya Kenya. Yeye alianzia Walsall, na miongoni mwa alikopita ni Luton Town na Torquay United, pamoja na kipindi cha kucheza Puerto Rico.

SWALI: Mchezaji wa namna hii anaweza kweli kufika juu, au hadithi ya Jamie Vardy ni bahati ya mtu mmoja?

JIBU: Vardy ndiye anayetajwa na wote, kwa hiyo nitampitia haraka: aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akacheza Stocksbridge Park Steels kwa pauni 30 kwa wiki huku akifanya kazi kiwandani, akapita Halifax na Fleetwood, akanunuliwa na Leicester mwaka 2012 kwa pauni milioni moja, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza akiwa na mabao 24. Lakini Vardy hakuhamahama sana. Anayejibu swali lako vizuri zaidi ni Rickie Lambert.

Lambert aliachwa na Liverpool akiwa mtoto, kisha Blackpool nao wakamwacha, na alipokosa klabu alifanya kazi katika kiwanda cha bitiruti, vile viazi vyekundu. Macclesfield wakampokea, akaenda Stockport, Rochdale na Bristol Rovers, miaka minane ya viwanja vidogo, kabla ya Southampton, waliokuwa League One, kumnunua mwaka 2009. Pale ndipo kwa mara ya kwanza alipopata klabu iliyokuwa ikipanda kwa kasi ileile aliyokuwa akiimarika nayo: walipanda mara mbili mfululizo, mwaka 2011 na 2012. Agosti 2013, akiwa na miaka 31, aliingia Wembley katika mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya England na kuifunga Scotland kwa kichwa, mguso wake wa kwanza wa mpira. Kwa maoni yangu, uwezo wa Lambert haukuzaliwa Southampton. Uliwahi kuonekana Rochdale, ila wenye fedha hawakuwa wakitazama huko, na wengi wenye uwezo kama wake hawakukutana na klabu inayopanda kwa wakati ufaao.

SWALI: Wakichoka huishia wapi?

JIBU: Mara nyingi hawaachi kwa siku moja, wanashuka ngazi kwa ngazi. Jamie Cureton alikuwa mfungaji bora wa Championship msimu wa 2006/07 akiwa na Colchester United, mabao 23, na alipovuka miaka 40 alikuwa bado anafunga katika ligi ambazo wachezaji hufanya mazoezi jioni mbili kwa wiki baada ya kutoka kazini. Wengine husomea ukocha wakiwa bado wanacheza, na chama cha wachezaji wa kulipwa, kilichoanzishwa mwaka 1907, huwasaidia gharama za masomo. Mishahara ya League Two haimwachii mtu akiba ya kuishi bila kazi akistaafu, hivyo mwenye miaka 33 anayekubali mkataba wa miezi sita katika mji asioujua huwa amekwisha kupiga hesabu hiyo nyumbani na familia yake.