Ukaazi wa Kudumu Uingereza: Hesabu Yako Ishike Mwenyewe

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee hapa Uingereza. Aliandika kwa adabu zote, shikamoo mbele, pole na kazi ikafuata, ndipo akafika kwenye shida yenyewe. Mwajiri wake amenyang'anywa leseni ya udhamini, ile inayomruhusu kuajiri watu kutoka nje, na wenzake wanamwambia kwamba akihamia kwa mwajiri mwingine miaka yake yote ya kuelekea ukaazi wa kudumu inafutika. Akamalizia hivi: "Dada, wewe umeshapata makaratasi. Ulimpitia nani?"

Sikumpitia mtu. Swali hilo huniudhi, na nimeulizwa hadi na watu waliokuwa wakiniona narudi na zamu ya usiku macho mekundu. Mtu akifanikiwa ugenini lazima atafutiwe mkono uliomvuta. Lakini huyu mdogo wangu hana kosa, ana hofu tu, na siku zinamwishia. Nimjibu yeye kwanza, kisha nitasema yangu.

Mdogo wangu, miaka haifutiki. Viza ya kazi yenye udhamini inataka miaka mitano ya kukaa mfululizo kihalali, haitaki miaka mitano kwa bosi mmoja. Unachohitaji ni mwajiri mwingine mwenye leseni akupe cheti cha udhamini, uombe viza mpya wakati ya zamani bado ina uhai, na usiguse kazi mpya kabla viza hiyo haijatoka. Leseni ya mwajiri ikifutwa, Wizara ya Mambo ya Ndani humwandikia mfanyakazi barua ya kumkatia muda wa viza, na kwa kawaida humwachia siku 60. Usizisubiri zianze ndipo utafute kazi. Tafuta leo. Na kwa kuwa wewe ni mlezi, jua hili pia: mlango wa kuajiri walezi kutoka nje ya nchi ulifungwa tarehe 22 Julai 2025, ila mliomo ndani mmeachiwa nafasi ya kuongeza viza au kubadili mwajiri hadi Julai 2028. Kwa hiyo mtu akikwambia "walezi basi tena", muulize amesoma wapi.

Najua uongo huo kwa sababu niliambiwa mimi mwenyewe, tena na msimamizi wangu.

Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa na nyumba ya wazee ambayo sitaitaja. Mimi ni muuguzi, nilikuja na viza iliyotolewa Machi 2020. Nilipopata nafasi hospitalini nikaenda kumuaga msimamizi kistaarabu. Akafunga mlango, akanikaribisha kiti, akaniambia kwa sauti ya huruma kabisa kwamba nikiondoka nitarudi sifuri, na kwamba ameona wauguzi wengi "wakijiharibia". Kisha akatoa mkataba wangu kwenye droo. Alikuwa ameshaupigia mstari wa kalamu ya njano mahali panaposema nirudishe gharama za kuletwa nikiacha kazi kabla ya muda. Mstari ule ulikuwa umekauka. Yaani hakuupiga siku hiyo. Ulikuwa ukinisubiri.

Usiku huo nilikuwa zamu. Wazee walipolala nilikaa karibu na ubao wa kengele za vyumba, nikafungua tovuti ya serikali kwenye simu na kusoma kanuni za ukaazi mstari kwa mstari. Kila mzee alipobonyeza kengele naenda, narudi, naendelea nilipoishia. Kiingereza cha sheria ni kigumu, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba kubadili mwajiri kunafuta miaka. Ule mkataba niliupeleka chama cha wafanyakazi, wakaupitia, deni likapunguzwa sana kwa sababu gharama nyingine hawakuweza kuzionyesha risiti. Nikalipa lililobaki, nikaondoka. Wenzangu wawili walimwamini yule mama wakabaki. Mmoja bado ananilaumu kwamba sikumwambia. Nilimwambia, tena mezani kwake, akasema mimi najifanya mwanasheria.

Sawa. Huyo mwanasheria wa kujifanya leo ana ukaazi.

Hospitalini sitazungumzia sana. Kazi ni kazi, wodi ni wodi, miaka ikaenda. Turukie mwaka wa tano, maana hapo ndipo watu wengi wanapoangukia.

Kitu cha kwanza ni tarehe. Ombi unaruhusiwa kulipeleka siku 28 kabla ya kutimiza miaka mitano, si mapema zaidi. Lakini mitano kuanzia lini? Wengi wanahesabu kuanzia siku waliyotua uwanja wa ndege. Kanuni inakuruhusu kuhesabu tangu siku viza ilipotolewa, ila zile siku za katikati, kabla hujaingia nchini, zinaingizwa kwenye hesabu ya kuwa nje. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa kubwa. Viza yangu ilitoka Machi 2020, dunia ikafungwa kwa korona, ndege hakuna, nikabaki nyumbani miezi kadhaa nikitazama pasipoti yenye viza isiyo na kazi. Sikuvuka kikomo, hivyo miezi ile ikanihesabia. Nilipokwenda ofisi ya utumishi kuomba barua, binti wa pale akanitazama kwenye kompyuta yake akasema, "Bado hujafikisha, njoo kiangazi." Yeye alihesabu tangu nilipofika. Nikamwonyesha kanuni, nikamwonyesha viza. Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi kimya akaanza kuandika.

Kitu cha pili ni hizo siku za nje zenyewe. Usizidishe 180 ndani ya miezi 12, na si miezi 12 ya Januari hadi Desemba: ni miezi 12 yoyote ile, inayosogea siku hadi siku. Mtu anakaa nyumbani miezi minne mwishoni mwa mwaka, anakaa mitatu mwanzoni mwa mwaka unaofuata, anadhani yuko salama kwa sababu mwaka umegeuka. Hayuko salama. Siku unayoondoka na siku unayorudi hazihesabiwi, zinahesabiwa siku kamili tu. Ugonjwa wa kutishia maisha wa ndugu wa karibu, au msiba, unaweza kusamehewa ukizidisha, lakini ulete ushahidi: barua ya hospitali, cheti cha kifo. Najua mtu akifiwa hakumbuki kuomba nakala ya cheti. Omba hivyohivyo.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila safari niliandika tarehe ya kutoka, tarehe ya kuingia na sababu, nikabana kipande cha tiketi pembeni kwa pini. Mume wangu alikuwa akinicheka, akisema nahesabu kama mwenye duka. Mali bila daftari hupotea bila habari, nikamjibu. Siku ya kujaza fomu inakuuliza safari zako zote, na wenzangu walikuwa wakipekua barua pepe za mashirika ya ndege hadi saa nane usiku. Kama huna daftari, bado una njia: unaweza kuiomba Wizara ya Mambo ya Ndani kumbukumbu zako za kuingia na kutoka, bila malipo. Lakini hilo lifanye miezi kadhaa kabla, usingoje wiki ya mwisho.

Kitu cha tatu ni barua ya mwajiri. Lazima ithibitishe kwamba bado wanakuhitaji na wanakulipa kiasi gani. Ya kwangu ilitoka na mshahara wa zamani, kabla sijapandishwa. Niliisomea palepale kwenye korido, bado nimevaa sare, nimetoka zamu ya usiku, nikageuka nikagonga tena mlango. Yule binti akaniambia tofauti ni ndogo. Nikamwambia tofauti ni ndogo kwake. Afisa anayesoma ombi ataona slipu za mshahara zinasema hivi, taarifa za benki zinasema hivi, barua inasema vingine, naye hanijui. Nikakaa kwenye kiti cha korido mpaka ikaandikwa upya. Nilisinzia hapo, lakini sikuondoka.

Mnaona ninachosema? Msimamizi alikosea, au alidanganya, Mungu ndiye ajuaye. Ofisi ya utumishi ilikosea mara mbili. Hakuna hata mmoja wao ambaye angefukuzwa nchini kwa kosa lake. Shika hesabu yako.

Mtihani wa Life in the UK, ule wa kuijua Uingereza unaotakiwa kwa ombi hili, usiuogope, ila usiudharau. Maswali 24, dakika 45, unatakiwa kupata 18, ada pauni 50. Wanakukagua masikio na mikono ya shati kabla hujaingia kama vile unakwenda kuona mfungwa. Nilijifunza wake sita wa Henry VIII kwa mpangilio, na vita vya Hastings vya 1066, na Magna Carta ya 1215, mambo ambayo wagonjwa wangu Waingereza nilipowauliza waliishia kucheka. Matokeo yake hayaishi muda, kwa hiyo fanya mapema, hata mwaka wa pili. Ukiuacha hadi mwezi wa mwisho ukafeli, umejiletea presha bure.

Jambo ambalo familia nyingi hazijui: mwenza ana hesabu yake. Mume wangu alinifuata baadaye, basi miaka yake mitano inaanzia kwake, haipandi mgongoni mwangu. Mimi nimepata, yeye bado anahesabu, na siku hizi daftari halimchekeshi tena. Watoto nao kwa kawaida husubiri wazazi wote wawili wapate.

Sasa niwaseme kidogo, mtanisamehe. Ndugu zangu, sote tunajua tulikuja kukaa, hata wale wanaosema "nafanya miaka miwili narudi". Mbona basi mambo ya kukaa tunayaendesha kwa fununu? Mtu ana digrii mbili lakini kanuni ya maisha yake anaipata kwenye sauti iliyorekodiwa na mtu asiyemjua, ikasambazwa kwenye kundi la simu. Mtu anampa "wakala" fedha ya miezi mitatu ili ajaziwe fomu. Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na mdhibiti wake, anayeitwa Immigration Advice Authority tangu Januari 2025, ana orodha ya waliosajiliwa ambayo yeyote anaweza kuitafuta bure. Mtafute jina lake humo. Kama halimo, mwambie asante.

Na hizi zamu za ziada. Kanuni inaruhusu saa 20 kwa wiki nje ya mkataba wako, kwenye kazi za aina inayokubalika, na ukiwa bado unaendelea na kazi ya mdhamini. Kuna watu wanafanya arobaini, wengine kwa jina la binamu. Wananiambia mimi nimekuwa mzungu. Nimewahi kuitwa mchoyo kwa kukataa kumwazimisha mtu namba yangu ya usajili wa uuguzi. Sikumwazimisha, na ningeulizwa leo jibu ni lilelile.

Msidhani pia kwamba mlango utabaki ulivyo. Mei 2025 serikali ilitoa waraka wa sera wenye pendekezo la kuifanya miaka mitano kuwa kumi kwa walio wengi. Mimi nilikuwa nimeshapata miezi miwili kabla. Ningemsikiliza yule binti wa "njoo kiangazi", waraka ungenikuta sijapeleka hata ombi. Kwa hiyo kanuni isome siku unayoomba, kwenye tovuti yenyewe ya serikali, usisome makala yangu tu.

Kuhusu fedha, kwa kuwa ndilo swali linalofuata siku zote: ada niliyolipa ni pauni 2,885, na tarehe 9 Aprili 2025 ikapanda kuwa 3,029, kwa kila kichwa, mtoto na mkubwa sawasawa. Kwa njia ya kawaida jibu linaweza kuchukua hadi miezi sita. Ukiongeza pauni 1,000 unapata jibu kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Mimi niliongeza. Wakati ombi liko mezani kwao usitoke nchini, maana ukitoka linahesabiwa kuwa umeliondoa mwenyewe, na mimi nilikuwa na mgonjwa nyumbani ambaye nisingeweza kumsubirisha miezi sita. Kama huna mgonjwa wala safari, usiitoe elfu yako. Haki zako za kazi zinaendelea kama kawaida wakati unasubiri, mradi uliomba kabla viza haijaisha.