Jalada la jarida la muziki: anza na macho ya msanii

Mimi ni msanifu kurasa. Vijana wanaoniletea majalada yao ya majarida ya muziki niyatazame, wengi huwa wameanza na fonti, yaani muundo wa herufi. Fonti iache kwanza. Anza na picha: msanii mmoja, kuanzia kifuani kwenda juu, macho yakimkazia mnunuzi. Anayepita mbele ya meza ya magazeti hana muda na wewe, na macho ya mtu atayaona kabla hajasoma herufi hata moja.

Jina la jarida likae juu. Si urembo huo. Kwenye rafu majarida hupangwa yakifunikana, na kinachobaki wazi ni ukanda wa juu au ubavu wa kushoto. Jarida la Q la Uingereza, lililoanza 1986, liliweka herufi yake nyeupe ndani ya mraba mwekundu, juu kushoto, basi. Kerrang!, la mashabiki wa roki nzito, herufi zake zina nyufa kama kioo kilichopigwa jiwe. Hujasoma kitu lakini umeshajua ndani kuna kelele za aina gani.

Jina likishazoeleka, kichwa cha msanii kinaweza kulifunika kidogo, kama jarida la Marekani la Rolling Stone wanavyofanya. Wewe uliye toleo la pili usithubutu. Nani atazijua herufi ulizozificha?

Vichwa vya habari viwe kimoja kikubwa na vichache vidogo pembeni, visiguse uso. Kuna watakaokutolea mfano wa Rolling Stone la 22 Januari 1981: picha aliyoipiga Annie Leibovitz, John Lennon wa Beatles yuko uchi, amemkumbatia mkewe Yoko Ono, imepigwa saa chache kabla Lennon hajauawa tarehe 8 Desemba 1980. Juu yake kuna jina la jarida, hakuna kichwa cha habari hata kimoja. Sawa, ila msiba ule dunia nzima ilikuwa nao. Msanii wako anayetoa albamu ya kwanza lazima msomaji aambiwe ni nani.

Picha ya jalada iongeze milimita 3 kila upande, zitakazokatwa kiwandani. Barkodi nayo itengee nafasi chini mapema, kabla hata ya kupiga picha. Ukiikumbuka mwishoni itaangukia kwenye mkono wenye pete za msanii, na meneja wake atakupigia simu.