Jicho la mbwa mlinzi: maji kwanza, tyubu baadaye

Tangu upepo wa kiangazi uanze kupiga, karibu kila ujumbe unaoingia kwenye simu yangu huja na picha ya jicho. Mbwa wa geti, mbwa wa mbuzi, mbwa wa machimboni. Mmoja alikuwa paka, ambaye mwenyewe alishikilia kwamba naye ni mlinzi. Paka atangoja wiki ijayo.

Daktari, mbwa wetu analinda machimbo karibu na Kariandusi. Tangu jana jicho moja linatiririka machozi na analifumba nusu. Nianze na nini? – Askari wa usiku, Gilgil

Anza na maji, tena leo. Vumbi jeupe la huko kwenu ni diatomaiti, yaani magamba ya mwani wa kale uliozama chini ya ziwa, na magamba hayo ni ya silika. Ukilishika mkononi ni laini kama unga wa ngano, lakini chini ya darubini ni vigae vya kioo. Mbwa anayelala juu yake usiku kucha na kujisugua kwa mguu anajikwaruza jicho mwenyewe.

Chemsha maji dakika kumi. Pima nusu lita, chupa ya soda ya ujazo huo inatosha kuwa kipimo, tia chumvi pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Onja. Yakikukumbusha machozi, umepatia. Yakikukunja uso, ongeza maji. Yakilala hadi kesho, mwaga na uchemshe mengine.

Kabla hujamgusa, mfunge mdomo, hata kama amekujua tangu akiwa mtoto. Mbwa mwenye maumivu hamjui mtu. Chukua kitambaa kirefu, kizungushe juu ya pua, pishanisha chini ya kidevu, kisha funga fundo nyuma ya masikio. Asiyefungwa ni yule mwenye pua fupi au anayehema kwa shida. Mweke katikati ya magoti yako akiwa amekutazamisha mgongo, halafu umtilie maji kutoka nyuma ya kichwa, maana mkono unaomjia usoni atauogopa. Tumia bomba la sindano la mililita ishirini, sindano yenyewe ukiwa umeitupa, na uyamimine maji taratibu kutoka kona ya puani kuelekea sikioni. Yatumie yote nusu lita. Watu wengi hulowanisha pamba, wakapangusa mara mbili, wakasema wameosha.

Ukimaliza, vuta ukope wa chini uangalie. Kona ya ndani mbwa ana kope la tatu, ngozi nyembamba inayopanda jicho likiuma, na nyuma yake ndiko mbegu ya nyasi au kishonanguo hupenda kujificha. Ukiiona inaelea, iondoe kwa pamba iliyolowa. Ikiwa imechoma, iache, na usiisogelee kwa kibano. Hiyo ni kazi ya daktari mwenye dawa ya ganzi.

Osha mara tatu kwa siku. Mzuie kujikuna kwa kola ya ndoo: kata kitako cha ndoo ya plastiki, toboa matundu pembeni, pitisha kamba uifunge kwenye mkanda wa shingo. Atagongagonga milango siku nzima, mvumilie, lakini umvue wakati wa kula. Na asirudi machimboni hadi apone. Saa ishirini na nne zikipita bado anafumba, au ukiona doa la buluu au jeupe kwenye kioo cha jicho, yaani ile ngozi angavu ya mbele, hapo umefika mwisho wa matibabu ya nyumbani.

Nina tyubu ya macho iliyobaki nyanya alipotibiwa mwaka jana. Naweza kumpaka mbwa? – Kondele, Kisumu

Ya mwaka jana itupe. Dawa ya macho ikishafunguliwa haikai zaidi ya wiki nne, hata kama tarehe iliyopigwa kwenye mkunjo wa tyubu bado haijafika.

Ila swali lako ni kubwa kuliko tyubu ya nyanya, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo. Dawa za macho zilizojaa kwenye madroo yetu ni za aina mbili. Kuna zenye antibiotiki peke yake, kama ile mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia moja ambayo watoto wachanga hupakwa wakizaliwa. Hiyo mbwa huandikiwa pia: kipande cha urefu wa punje ya mchele ndani ya ukope wa chini, mara tatu au nne kwa siku, mdomo wa tyubu usiguse jicho. Halafu kuna zenye steroidi, peke yake au zikiwa zimechanganywa na antibiotiki. Soma maandishi madogo kwenye kisanduku. Ukikuta dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone, prednisolone, jina lolote linaloishia na "sone" au "solone", irudishe ulikoitoa.

Steroidi hutuliza wekundu na uvimbe kwa haraka ya ajabu, na hapo ndipo inapotudanganya. Kama kioo cha jicho kina kidonda, dawa hiyohiyo inazuia kidonda kufunga, na bakteria wanapata nafasi ya kula kuelekea ndani. Unene wa kioo hicho haufiki hata milimita moja. Hakuna mahali pa kukosea.

Nayasema haya kwa aibu. Kabla sijasomea kazi hii tuliishi karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni, na jani la muwa lilimkata jicho mbwa wetu Simba. Nilikwenda dukani, nikauziwa tyubu, sikusoma. Siku ya kwanza wekundu uliisha, nikajisifu mbele ya ndugu zangu. Siku ya tano jicho lilipasuka. Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alipoandika jina la dawa ile ubaoni, niliinamisha kichwa nikajifanya naandika.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta mtu mwenye kikaratasi cha fluoresini. Ni kikaratasi chenye rangi ya machungwa. Kikiguswa kwenye jicho lililolowa, kidonda hung'aa kijani. Dakika moja tu, unajua uko upande gani. Muuza agroveti asiye na kikaratasi hicho anakisia kama wewe.

Jirani anasema nimpulizie chumvi kavu na sukari iliyosagwa, eti ng'ombe wake walipona hivyo. – Njoro

Mwambie jirani aanze na jicho lake, kisha uniandikie tena.

Mbwa wangu alipambana na nyoka kwenye bohari la mpunga, nyoka akamtemea machoni. Nilimwosha kwa maziwa kama tulivyofundishwa na wazee. Nilifanya vema? – Ahero

Ulifanya nusu. Huyo alikuwa swila, naye hahitaji kuuma: hurusha sumu mita mbili na zaidi, na hulenga uso. Ikigusa jicho huanza kuunguza hapohapo. Kinachookoa ni wingi wa maji na haraka ya kuyafikia. Maziwa hayana ubaya mkubwa yakiwa ndiyo yaliyo karibu, ila mtu anayekimbia jikoni kutafuta maziwa amepita bomba na mtungi njiani. Siku hiyo usichemshe, usipime chumvi. Maji yoyote safi, dakika kumi na tano hadi ishirini bila kukatisha, ukimfungua ukope kwa kidole. Kisha mpapase mwili mzima kutafuta alama za meno, maana swila anayetema pia huuma, na jeraha la kuumwa ni habari nyingine kabisa.

Aende kwa daktari siku hiyohiyo hata kama anaona, kwa sababu vidonda vya sumu hujitokeza baadaye. Na wewe, ukiingia bohari kumtafuta nyoka, vaa miwani. Hata ya jua.

Tuna mbwa sita wa Kijerumani katika kampuni ya ulinzi. Wawili wana utando wa waridi unaotambaa juu ya jicho kutoka upande wa sikio, macho yote mawili, bila matongo mengi. Tumewaosha kwa maji ya chumvi mwezi mzima. – Section 58, Nakuru

Mngeosha hata mwaka. Huo si uchafu. Kwa maelezo yako nadhani ni panasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia kioo cha jicho, na mbwa wa Kijerumani ndio unaowapenda kuliko wengine wote. Jua kali huuchochea, na kadiri mnavyopanda juu miale inakuwa mikali zaidi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Utando huanza waridi, baadaye hugeuka kahawia kama chai, na ukifika katikati mbwa hupofuka.

Sasa hapa nitaonekana kigeugeu. Tiba yake ni matone ya steroidi, au ya saiklosporini, maisha yake yote. Ndiyo, ileile niliyomkataza mtu wa Kondele. Daktari atapima kwa kikaratasi kwanza, akihakikisha hakuna kidonda ndipo aanze. Panasi haiponi, ila hushikwa ikatulia. Wahamishieni hao wawili zamu ya usiku, na banda lao la mchana liwe na kivuli cha kweli; bati lenye matundu halihesabiki.

Mbwa wa kuwinda amegeuka macho yote mawili meupe kama maziwa ndani ya wiki. Uso umevimba, hali chakula, ana joto. Kupe pia wamo. Nimtie dawa gani ya macho? – Lambwe

Usitie ya macho. Macho mawili yakiharibika pamoja, na mwili ukachoka pamoja nayo, ugonjwa uko kwenye damu, na macho yanatoa taarifa tu.

Kwa mahali unapokaa, jambo la kwanza ninalolifikiria ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma vinajulikana kwa mbung'o tangu zamani, na mbwa anayeingia vichakani huumwa kama ng'ombe. Vimelea vya tripanosoma vikimwingia mbwa, jicho huweza kugeuka jeupe kabisa, na mbwa hudhoofika haraka kuliko ng'ombe. La pili ni homa ya kupe iitwayo erlikia, ambayo nayo huingia machoni, wakati mwingine na damu ya pua. Vyote viwili hutafutwa kwa tone la damu kwenye darubini, na dawa zake hazifanani: erlikia hutaka vidonge vya doksisaiklini kwa takriban mwezi mzima, nagana hutaka sindano.

Najua unachotaka kufanya, kwa sababu kila mtu hufanya. Ile pakiti ya unga wa diminazini, dawa ya nagana ya ng'ombe, ya kuchanganya na maji, ipo nyumbani. Tafadhali, usimchome kwa kukisia. Kwa mbwa, pengo kati ya kipimo kinachoponya na kinachoharibu ubongo ni dogo sana. Mpeleke kesho asubuhi. Ukisoma haya asubuhi, mpeleke leo.

Mtoto wa boerboel ametoa nyama nyekundu kama njegere kwenye kona ya jicho. Kuna mtu hapa anayekata mikia, anasema ataikata kwa wembe. – Kakamega

Asiikate. Hiyo ni tezi ya kope la tatu imeteleza kutoka mahali pake, na sehemu kubwa ya machozi ya jicho hilo hutoka humo. Ukiikata, jicho litapendeza leo, na baada ya miezi au miaka litakauka, lijae matongo mazito ya kunata, kisha kioo kigeuke rangi. Hapo utanunua matone ya machozi hadi mbwa afe. Daktari huirudisha kwa kuishonea mfuko. Hadi siku ya upasuaji, ilowanishe kwa maji ya chumvi na umvalishe ile ndoo.

Mbwa wangu alitolewa jicho moja baada ya kupigana. Anaweza kurudi kazini? – Bungoma

Anaweza, na wengi hurudi. Mpe wiki nne au tano, aanze kwa kutembea na kamba katika uwanja anaoujua, usihamishe vyombo wala magogo. Ataanza kugeuza kichwa kuliko zamani; ni kawaida. Kumbuka tu kwamba jicho lililobaki halina akiba. Likitoa matongo Jumamosi usiku, usingoje Jumatatu.

Wapashe habari askari wa zamu zote, hasa mgeni anayeletwa kushikilia likizo: wamjie upande anaoona, na wamwite jina kabla hawajamgusa. Mwaka juzi nilimshona askari mmoja mkono, kazi ambayo si yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia.