Jibu: Kukimbia Dar wakati wa joto na masika

Ndugu, umeuliza ufanyeje, maana Januari joto la Dar linakumaliza na masika yakianza unaacha mazoezi kabisa. Usiache, badilisha ratiba tu.

Desemba mpaka Machi kinachochosha zaidi ni unyevu wa hewa: jasho halikauki, kwa hiyo mwili unashindwa kupoa. Achana na kuhesabu dakika kwa kilomita, kimbia mwendo unaokuruhusu kuongea. Mwili huzoea joto baada ya wiki mbili hivi. Kabla ya hapo usishindane na mtu. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua halijachomoza. Jioni lami bado inatoa moto, mimi siipendi.

Masika, mvua ya kawaida haina neno. Ogopa radi: ikinguruma ingia ndani, usubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Usikanyage dimbwi usilolijua (mitaro yetu isiyo na mifuniko unaifahamu mwenyewe). Viatu vikilowa, toa soli za ndani, vijaze magazeti, viweke kivulini.

Mbio ndefu zihamishie Juni hadi Agosti, kipupwe kikiwepo.