Chini ya migrivea nyasi hazioti? Acha kulazimisha

Dada wa Moshi uliyesema nyuma ya nyumba kuna migrivea mikubwa, kivuli kibao, nyasi umepanda mara mbili zinakufa na muda wa kuhudumia huna, mi nakushauri achana na nyasi kabisa. Hapo tayari una kamsitu, kaache kawe kamsitu.

Kwanza usifagie majani, najua jirani atasema we mvivu lakini yale majani yanatunza unyevu na yakioza ni mbolea ya bure, fagia tu kama mita moja kuzunguka nyumba maana nyoka nao wanapenda kujificha humo. Masika ikianza Machi, udongo ukilainika, chomeka vipande vya masale pembeni, ile mimea ya majani marefu ya kupandia mipaka, yanashika kirahisi mno na Mchaga gani hana sale kwake jamani, halafu miche miwili mitatu ya kahawa, ile inavumilia kivuli na ikitoa maua meupe harufu yake utaniambia. Penye maji weka magimbi. Usichimbe sana karibu na shina, utakata mizizi.

Benchi la mbao moja tu, na kikombe cha chai. Mvua ikikatika hapo hutataka kuingia ndani.