Nahama Igogo mlimani kwenda Kishiri na mvua ndo hii, nisubiri kiangazi?

SWALI: Habari kaka, mi nakaa Igogo hapa Mwanza, huku juu kwenye mawe, gari haifiki, ni kupanda kwa miguu kama dakika kumi hivi. Nimepata nyumba Kishiri na dalali anasema nisipolipa mwezi huu kuna mtu anaichukua. Sasa huu ndo mwezi wa nne, mvua haieleweki, nina friji, makochi, magodoro mawili, kabati la milango mitatu na tivii. Jamaa wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kaniambia friji tutailaza tu haina shida. Nihame au nisubiri? Na hiyo friji je? (Mama wawili, Igogo)

JIBU: Dada salama, hongera kwa nyumba. Nianze na dalali, maana huyo hata mwezi wa saba angekwambia hivyo hivyo kuna mtu anaichukua, kwaiyo asikukimbize. Masika yetu ni Machi mpaka Mei, halafu Juni hadi Agosti ndo kukavu kweli, ungekuwa na pa kujishikiza ningesema vumilia. Ila mvua ina faida moja ambayo watu hawaioni, inakuonyesha nyumba ilivyo. Kabla hujatoa kodi ya miezi yote hiyo nenda Kishiri siku mvua imetoka kunyesha, saa hiyo hiyo, angalia dari kama ina ramani za maji, angalia ukuta wa nje kwa chini kuna mstari wa tope umefika wapi, na tembea kwa miguu kutoka barabara kubwa mpaka getini. Kama viatu vinabaki kwenye tope basi hata Canter itabaki, na utajikuta umelipa wabebaji wa kushusha Igogo na wengine tena wa kuingiza ndani Kishiri. Ukikuta hivyo, mwambie dalali atafute mtu wake huyo.

Sasa tuseme nyumba iko poa. Karibu kila mtu anayenipigia masika anauliza habari ya gari, kubwa au dogo, lina turubai au halina, na mi nakwambia gari ndo kitu chepesi kuliko vyote, turubai zito likifungwa vizuri na kamba hata inyeshe vipi vitu vinafika vikavu. Mali inaharibikia kati ya mlango wako na gari. Hizo dakika kumi za kwenye mawe. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii ya kuhamisha watu nilishusha mzigo wa mwalimu mmoja kutoka mlimani, vitabu vyote nimepanga kwenye maboksi kama bwana harusi, manyunyu yakaanza tukiwa katikati, boksi likalowa chini likaachia, vitabu vikashuka mlima kabla yetu. Tangu siku hiyo masika sitaki kuona boksi. Tumia ndoo za plastiki zenye mfuniko, mabeseni yafunikane mawili mawili, nguo weka kwenye viroba lakini ndani tanguliza mfuko wa nailoni maana kiroba kinapitisha maji.

Kwaiyo kazi yako igawe siku mbili. Tafuta jirani wa kule chini karibu na barabara mwenye baraza au stoo, muombe, mpe hata ya soda, siku ya kwanza shusha vitu vidogo vyote taratibu na watoto, vilale pale. Siku ya pili yabaki makubwa tu, na hayo yashuke yote kwanza ndipo gari liitwe, maana gari likisubiri wanahesabu muda na wewe unaanza kuwaharakisha vijana kwenye jiwe lenye utelezi, hapo ndo mtu anavunjika mguu. Muda mzuri ni saa nne asubuhi. Mvua ya ziwani unaijua, inapenda kushuka usiku mpaka alfajiri, ukiipa jua la masaa mawili matatu mawe yanakauka, halafu pambana mmalize kabla ya saa tisa. Utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, uangalie jioni ya kuamkia siku hiyo, wakisema mvua kubwa ahirisha, ndo maana nasema gari usililipe lote mapema. Na njia mwambie dereva apitie Mkuyuni mpaka Buhongwa ndo mkunje kwenda Kishiri, msirudi mjini kupita Mabatini, mto Mirongo ukijaa pale mtalala barabarani na makochi.

Friji. Huyo jamaa wa kirikuu anataka ienee kwenye gari lake, basi. Ndani ya kompresa kuna oili, ukiilaza friji ile oili inatambaa kwenye mabomba, ukifika ukachomeka hapo hapo kompresa inafanya kazi bila oili ya kutosha na inaweza kufa siku hiyo hiyo. Isimame. Mlimani kuiinamisha kidogo mgongoni mwa mbebaji haina neno, ila kwenye gari isimame na ifungwe ubavuni, na kama imebidi kabisa kulala basi ukifika isimamishe uiache mpaka kesho yake ndo uwashe. Hata iliyosimama njia nzima ipe masaa manne. Masika kuna jambo la pili, nyuma pale chini penye waya pakilowa usiwashe mpaka pakauke, futa, elekeza feni. Siku moja kabla izime, barafu iyeyuke, futa maji, funga mlango kwa kamba laini, gundi ya karatasi inabandua rangi.

Tivii isimame pia, izungushie blanketi halafu nailoni juu, igandamane na godoro. Magodoro yavalishe nailoni ukiwa bado ndani, sio mlangoni, godoro likilowa lina uzito wa mtu na linakuja kunuka wiki nzima. Mtungi wa gesi funga, toa regureta, usimame nyuma ya gari, usikae na watu kwenye kabini. Na LUKU ya Kishiri ulizia deni kabla hujalipa kodi.

Hilo kabati ndo linanitia wasiwasi, milango mitatu haishuki yale mawe ikiwa nzima hata kwa vijana wanne, lazima lifunguliwe. Cheki kwa nyuma kama limefungwa kwa skrubu au limepigwa misumari na gundi, unitumie picha pamoja na upana wa mlango wa chumba cha Kishiri.