Mliopangiwa kuanzisha sekondari ya teknolojia mjini, kompyuta ziacheni kwanza

Walimu wenzangu, hasa nyie vijana mnaopelekwa kwenye shule mpya za serikali za teknolojia, tangu mkondo wa amali, yani sekondari yenye mafunzo ya ufundi, uanze hapa Tanzania 2024 naona swali la kwanza mnaloulizwa mkishafika tu ni "mnahitaji kompyuta ngapi?" Hilo nawaomba lipelekeni mwisho kabisa.

Anzeni na kazi ambayo mtoto ataenda kuifanya akitoka hapo. Kule Brooklyn, New York, Septemba 2011 ilifunguliwa shule ya serikali inaitwa P-TECH, wala hawakujenga ghorofa jipya, waliingia kwenye majengo ya Paul Robeson High School iliyokuwa inafungwa, na waliokaa mezani ni idara ya elimu ya jiji, chuo kikuu cha umma cha CUNY na kampuni ya kompyuta ya IBM. IBM waliorodhesha kazi zao za kuanzia, kazi hii inataka mtu ajue nini na ile inataka nini, halafu masomo yakapangwa kwa kurudi nyuma kutoka hapo mpaka darasa la 9. Mtoto anasoma miaka 6 anatoka na cheti cha sekondari pamoja na digrii ya chuo ya miaka miwili, ada hakuna, na mtihani wa kuingilia haupo, yani hawakuchagua wenye akili sana peke yao mji mzima. 2015 wanafunzi 6 wa kwanza walimaliza yote hayo kwa miaka 4. Obama alishaenda pale 2013 na watu wanaikumbuka sana ile ziara, ila mimi hao 6 ndo wananipa moyo zaidi.

Sasa angalieni Philadelphia, hukohuko Marekani. 2006 walifungua shule ya serikali inaitwa School of the Future, jengo la dola milioni 63, Microsoft wakiwa washirika, kila mwanafunzi na laptopu yake, vitabu vya karatasi wameachana navyo. Microsoft walileta utaalamu, hela ya jengo ilitoka upande wa serikali. Sifa zikaenda dunia nzima. Kilichofuata ni bosi wa elimu aliyeusukuma mradi, Paul Vallas, kuondoka 2007, wakuu wa shule wakawa wanabadilika badilika, mtandao unasumbua, mtoto ana laptopu ila akifika nyumbani hana intaneti, na mwalimu darasani anahangaika maana ameambiwa afundishe kitofauti na muda wa kujifunza hiyo njia mpya hakupewa wa kutosha. Shule haikufa, watoto walihitimu, lakini wale wa mwanzo waliteseka bure kwa vitu vilivyotakiwa kukaa sawa kabla geti halijafunguliwa.

Ndo maana nasisitiza maandishi. Mkipata kampuni au chuo cha kushirikiana nacho, msiridhike na maneno ya siku ya kukata utepe, andikeni watachukua wanafunzi wangapi wa fildi kila mwaka, nani anapokea simu yenu, na kifaa kikifa mwaka wa nne nani analipa. Bosi atahamishwa, huyo mfadhili naye atabadilisha meneja, karatasi yenye sahihi na mhuri ndo itabaki ofisini.

Mwalimu naye apatikane mapema, miezi kadhaa kabla ya watoto, azijue hizo mashine na aandae kazi za vitendo. Vijana wanaojua programu vizuri wanawindwa na makampuni, kwahiyo mtafutieni nyumba ya karibu, mpunguzieni vipindi, mpeni mwenzake wa kushika darasa akiumwa. Somo lote likiwa kichwani mwa mtu mmoja, siku akipata kazi kwingine mmekwisha.

Umeme sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoumiza watu. Soketi moja ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba kama wati 3,000 hivi. Kompyuta 40 za mezani zikila wati 150 kila moja ni wati 6,000, na hapo hamjaweka feni, projekta wala printa. Nimeingia maabara nzuri tu, meza mpya, ukutani soketi mbili, ekstensheni zimeungana moja nyuma ya nyingine mpaka chini ya miguu ya watoto, ukishika plagi ya kwanza ni ya moto! Mleteni fundi umeme wakati ramani bado iko mezani, kabla ukuta haujapigwa plasta, agawe laini na aweke ethi ya kweli, yani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini.

Na funguo za maabara asikae nazo mkuu wa shule peke yake, akienda kikao halmashauri wiki nzima watoto wanasoma kompyuta ubaoni. Mwalimu wa zamu awe nazo, na jioni pafunguliwe kwa wale ambao nyumbani hawana mashine wala bando, mjini ni wengi kuliko mnavyodhani.

Bajeti ya matengenezo nayo iwe na fungu lake kuanzia mwaka wa kwanza, hata kama kila kitu bado kiko kwenye nailoni. Betri za UPS, vile vifaa vinavyoshikilia kompyuta umeme ukikatika, zikifika miaka mitatu minne zinaanza kuchoka na huwa zinachoka kwa pamoja, kwa sababu zilinunuliwa siku moja.